Mashini Ililala Mama Zawadi Akiimba

Jumatatu, 2 Septemba

Mashini, kompyuta yangu ya kazi, imelala tena, haikuamka. Feni inazunguka, taa ya mbele inawaka, kioo cheusi. Nimegusa vitufe vya klavye, nimeigonga, nimeibembeleza. Hapana. Nimebonyeza kitufe mpaka ikazimika. Barua ya mwalimu niliyokuwa nachapa imepotea yote. Mwenyewe ameketi kwenye benchi anaisubiri. Nimeanza upya bila kumwangalia.

Mashini hii niliiunga mimi mwenyewe, kipande kwa kipande. Sanduku lilitoka Goma, carte mère, ule ubao unaounga vipande vyote, niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, barrette mbili, vile vipande vyembamba vya memori, hata hazifanani. Hapa Mubi, anayetaka kurekodi kwaya anakuja kwangu. Nilijivunia sana. Lakini batri za sola hazitoshi kuiacha macho siku nzima, kwa hiyo niliipanga ilale yenyewe isipoguswa. Kulala inajua. Kuamka njo shida.

Saa tisa amekuja Mama Zawadi. Ni mwimbaji wa mbele wa kwaya yetu, mzaliwa wa Kibabi. Uvimbe wa shingo umekua. Jumatatu ijayo watampasua, na daktari amemwambia wazi: sauti inaweza isirudi. Binti yake Riziki anaolewa Ngungu mwisho wa mwezi. Mama amemtungia wimbo wa kumsindikiza.

"Papa Bahati, unishikie sauti mbele ya kunipasua," ameniambia. "Siku ya arusi wataipiga, hata kama mimi niko bubu."

Nimesema Jumamosi. Nimesema hakuna shida. Mjinga.

Jumanne, 3 Septemba

Nimefungua sanduku. Vumbi, na mende mmoja mkavu. Nimetoa barrette, nimezipangusa, nimejaribu moja moja. Na ya kwanza: imelala, haikuamka. Na ya pili: vilevile. Wateja watatu wamerudi walikotoka.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimempigia Innocent, fundi niliyesoma naye, sasa yuko Bukavu. Amesema, "Kaka, badilisha kwanza pile ya carte mère." Ni kibatri cha duara kama cha saa; nimezunguka soko lote, nimeipata kwa mtengeneza saa. Nimeiweka. Hakuna kilichobadilika.

Kilichobaki, amesema, ni kuandika upya programu ya ndani ya carte mère. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashini imekufa kabisa. Kwangu umeme unakatika wingu likipita. Sijajaribu. Ninaogopa, sina la kuficha.

"Basi usiiache ilale," amesema. Rahisi hivyo.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimefungua ukurasa wa kupanga usingizi wa mashini. Nimefuta dakika, nimeandika "jamais". Isilale kamwe. Nimekwenda kula, nimerudi: iko macho. Nimekwenda kwa jirani, nimerudi: iko macho. Mke wangu Neema amecheka vile ninavyoikodolea. Nimecheka pia. Wiki nzima sikuwa nimecheka.

Jumamosi, 7 Septemba

Siku mbaya.

Mama Zawadi amekuja amevaa kitenge cha kwaya, utadhani watu watamwona. Nimezima simu yangu, nimemwomba azime yake, zisije zikalia katikati. Nje lori lilikuwa linapakia. Nimefunga mlango na dirisha. Ameuliza, "Nianze?" Nimempa ishara ya mkono.

Ameimba Kihunde. Sikijui chote, ila nimeelewa pale anapomwambia mtoto wake njia ya kurudi nyumbani inapita wapi. Kila baada ya ubeti alipumzika, mkono shingoni. Mimi sikugusa kitu, nisipige kelele. Kwenye ubeti wa sita wingu limefunika. Onduleur, kile kisanduku kinachoishikia mashini umeme usikatike ghafla, kimelia mara moja. Kioo kikawa cheusi.

Yeye alikuwa amefumba macho. Ameendelea mpaka mwisho, beti nane. Nimesimama pale ninamsikiliza, ninajua hakuna kinachoshikwa. Sikumkatiza. Sijui ilikuwa heshima ao woga.

Nimemwambia. Amekaa chini kidogo. "Haina neno, Papa. Tuanze tena."

Nimewasha simu, nikasema tushike na hii. Ubeti wa kwanza, sauti ilikuwa inakwaruza. Wa pili, kikohozi kimemkamata mpaka machozi yakamtoka. Amejaribu mara tatu. Hakuna sauti. Simu ile ilikuwa mfukoni mwangu tangu asubuhi, imezimwa na mkono wangu mwenyewe.

Jumapili, 8 Septemba

Ameondoka asubuhi na pikipiki kwenda hospitali. Sikwenda kanisani.

Nimeipata sababu. Ule ukurasa una safu mbili: moja ya umeme wa kawaida, moja ya batri. Niliandika "jamais" kwenye ya kwanza tu. Onduleur imeunganishwa na mashini kwa waya. Ikianza kutumia batri yake, mashini inafuata safu ya pili. Na ya pili ilibaki dakika tano, nami tangu aanze kuimba sikuwa nimeigusa kwa muda kupita huo. Neno moja ambalo sikuliandika.

Nimetafuta rekodi kila pembe. Nimeokota faili moja, ndani hakuna kitu. Nimeifungua mara nyingi, kama mtu anayefungua sufuria akijua ugali umekwisha.

Hasira yangu haina pa kwenda. Si mashini. Ni mimi.

Na kwa nini haiamki ikilala, mpaka leo sijui.

Jumatano, 11 Septemba

Mume wa Mama Zawadi amepiga simu. Wamempasua Jumatatu. Yuko hai, anakunywa uji. Hajatamka neno. Nimemshukuru Mungu, kisha nimeona haya.

Jumamosi, 21 Septemba

Amerudi, kitambaa cheupe shingoni. Akisema inatoka pumzi tu. Neema amemwekea kiti karibu na changu. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba msamaha, yote yamenitoroka. Amenishika bega, ameonyesha klavye.

Anataka nichape maneno ya wimbo. Ameninong'onezea sikioni, mstari kwa mstari, na mimi nimehifadhi kila mstari kabla ya kuomba mwingine. Nikikosea Kihunde, anaweka kidole kwenye kioo. Tumechukua asubuhi nzima. Beti nane zimeenea kwenye karatasi moja. Dada yake ataipeleka Ngungu kesho, auimbe yeye siku ya arusi.

Nimemuuliza kama dada yake anajua wimbo unavyopanda na kushuka. Ametikisa kichwa: hapana. Amefungua kinywa ili anionyeshe. Pumzi imetoka. Amekifunga.

Maneno yote yako pale. Namna ya kuyaimba, sikuweza kuiandika.

Neema ameleta chai. Tumekunywa.