Mbuzi Watatu wa Kavutha

Katelembo,
9 Machi 1997

Kwako Mama,

Pokea salamu zangu na za mjukuu wako Kamene. Mwili uko sawa, wangu na wake. Natumaini mguu wako umepoa na kwamba Muindi na watoto wake hawajambo.

Naandika kwa sababu mimi ni mkwe. Siwezi kuja kusimama mbele yako niseme haya, na wewe huwezi kukaa unitazame. Acha karatasi ituongelee.

Tangu tumzike Kavutha huko kwenu mwezi wa kwanza, sijui siku inaanza wapi. Naamka, nampikia mtoto uji, nafagia, naona ni jioni. Silii. Watu wanadhani nimejikaza, kumbe hakuna kitu ndani. Silaumu mtu kwamba alizikwa kwa babake. Tuliishi miaka minne na sikuwa nimeleta hata mbuzi mmoja wa ntheo, na bila wale mbuzi watatu mke bado ni wa kwao, hata akifa. Kila mwaka nilisema mwaka ujao. Kisha kiwanda kikatupunguza, na yeye akashikwa na ile homa.

Sasa mwanao Muindi amenitumia ujumbe. Mbuzi wafike kabla ya Desemba kuisha, la sivyo Kamene aletwe Mitaboni kwa kina mamake akae huko. Mtoto ana miaka mitatu. Nikienda kutafuta kibarua Athi River nitamwachia nani? Mama, wewe ulilea watoto watano bila kutoka nyumbani. Ulifanyaje? Niambie na mimi nifanye.

Ni mimi mtoto wako,
Wathome


Mitaboni,
23 Machi 1997

Baba Kamene,

Nimepata salamu zako na nimezirudisha. Mguu uko vile vile. Chakula nakula nikikumbushwa.

Barua yako imeletwa na Wacera, yule mama Mkikuyu anayenunua vyondo sokoni kwetu na kuvipeleka Nairobi. Anapita hapo kwenu, kwa hivyo ndiye atakuwa posta yetu.

Umeuliza nilifanyaje. Nilisuka. Baba yao alipokufa nilikaa hapa mlangoni nikasuka vyondo mpaka Muindi akamaliza shule. Najua mwanaume wa Kikamba hashiki kiondo, kazi yenu ni kuchonga. Lakini mbao huna, na makonge ninayo. Funga mlango usuke.

Nimekutumia kilo mbili. Chukua nyuzi mbili, zisokote zishikane ziwe moja. Anzia chini, nyuzi nane zikipishana katikati, halafu uzunguke, uzunguke, ukiongeza. Kazi hii inafaa mtu ambaye hataki kufikiria.

Pesa usiweke kwa kopo, utainunulia sukari. Mwachie Wacera mpaka ifike bei ya kitoto cha mbuzi, akuletee kitoto chenyewe, kikue hapo kwako.

Nibusie mtoto.

Mama yako,
Kamanthe


Katelembo,
20 Aprili 1997

Kwako Mama,

Salamu nyingi. Kamene alikuwa na kikohozi, kimeisha. Habari ya mguu?

Kiondo cha kwanza kimetoka kama kiota cha ndege. Wacera alikigeuza akauliza kama nimekiokoa kwa moto. Shida ni uzi. Nausokota juu ya meza, unafunguka. Nausokota juu ya debe, juu ya ubao wa mlango, unafunguka tu. Nimerudia barua yako mara nyingi. Umeandika nisokote lakini hukuandika nisokotee wapi. Tafadhali niandikie.

Mtoto wako,
Wathome


Mitaboni,
27 Aprili 1997

Baba Kamene,

Hatujambo. Mvua ni haba.

Hilo uliloniuliza siwezi kukuandikia. Wewe ni mkwe wangu. Ulikuwa na mama. Kaa chini ufikirie alikuwa akikunja miguu vipi akisokota, na kiganja chake kilipita juu ya nini. Mimi sitaki wazee wanitoze faini kwa kumwandikia mkwe mambo kama hayo.

Nimetuma makonge mengine.

Mama yako,
Kamanthe


Katelembo,
8 Juni 1997

Kwako Mama,

Salamu. Sisi tuko.

Nilifikiria. Nimeelewa. Tusiongee zaidi. Nitasema tu kwamba Mungu alinipa nywele nyingi na uzi unazing'oa, na siku ya kwanza nilitoa machozi. Ndiyo machozi yangu ya kwanza mwaka huu, na yalikuwa ya makonge.

Sasa uzi unashika. Nimeuza vinne. Navuta sana kwa sababu sijui nguvu niipeleke wapi, na kumbe ndivyo Wacera anavyotaka, anasema vyangu vinasimama vyenyewe hata vikiwa vitupu. Anawaambia wateja vimesukwa na mama mzee wa Katelembo.

Wiki jana jirani yangu Kimeu aliingia bila kubisha akanikuta nimekunja suruali hadi juu, kiondo magotini. Alitoka mbio. Kufika jioni kila mtu dukani alikuwa anajua. Nilipoenda kununua chumvi walicheka mpaka mwenye duka akakaa chini. Nilisimama nikangoja wamalize nikanunua chumvi. Sikuona haya, Mama. Hata haya imeniacha. Sasa nasuka mlango ukiwa wazi, mwanga ni mzuri zaidi.

Mbuzi wa kwanza ameletwa, jike. Kamene anampa majani.

Mtoto wako,
Wathome


Mitaboni,
14 Septemba 1997

Baba Kamene,

Nimechelewa kujibu. Wote wazima.

Wacera anasema sasa uko na majike wawili, umebakiza dume tu. Sikujua ungefika hapo. Makonge sina kwa sasa, usingoje ya kwangu.

Mtoto anaongea? Anasemaje?

Kamanthe


Katelembo,
30 Novemba 1997

Kwako Mama,

Salamu kutoka kwetu. Kwenu mvua hii haijabomoa nyumba? Wacera hakupita wiki sita, barabara ilikatwa na maji. Nilikuwa nimeandika barua mbili, zikalowa, nikawashia moto.

Makonge ulisema huna, kwa hivyo nimekata yale ya mpaka wa shamba. Nayakwangua kwa panga, maji yake yanawasha mikono mpaka kwenye viwiko, na kukauka hayakauki, nayatundika juu ya jiko. Vyondo vinanuka moshi. Wacera alilalamika akavichukua hivyo hivyo. Jana amelipa, na pesa iliyopungua nimeuza kitanda kuijaza. Tunalala kwenye magunia, mtoto anaona ni mchezo.

Dume yuko hapa amefungwa mlangoni. Watatu wametimia. Mwambie Muindi tarehe ishirini Desemba nitakuja na baba zangu wadogo wawili.

Anaongea sana. Anasema mbuzi ni wake.

Mtoto wako,
Wathome


Mitaboni,
23 Desemba 1997

Baba Kamene,

Natumaini mlifika salama na tope lile.

Mbuzi wamepokelewa. Muindi amekwambia mbele ya wazee, na mimi nakuandikia: Kavutha ni mke wako, na Kamene ni wa kwenu. Hakuna atakayemdai tena.

Ulipokuwa nje na wazee nilikuwa jikoni, mlango nimeuegemeza. Nilikusikia ukikohoa. Mtoto aliingia mwenyewe. Aliniangalia, akaketi karibu nami, akaomba maji. Anakunywa akishika kikombe kwa mikono miwili, kama mamake. Kisha mliondoka, na kikombe sijakiosha mpaka leo.

Sasa nikwambie jambo, maana usipolisikia kwangu utalisikia kwa mke wa Muindi, hana breki. Ile Desemba haikuwa ya Muindi. Ni mimi nilimwambia aseme hivyo. Nilijua huna kazi na nilijua huna kitu. Nilimtaka mtoto. Nimezaa watano na Kavutha ndiye aliyekuwa akikaa nami jioni. Nilifikiri nikipata yule mdogo nitasikia kitu tena.

Kisha ukaniandikia ukauliza ulivyouliza, kwa heshima, ukaniita Mama. Nikashindwa kukunyima. Nilidhani pia mwanaume hataweza. Ulipoweza, nilificha makonge. Mwezi wa tisa gunia zima lilikuwa chini ya kitanda changu.

Sikuombi chochote. Naona tu vibaya ule ile nyama ya dume mliyopewa mwende nayo ukifikiri mimi ni mtu mwema.

Kamanthe


Katelembo,
11 Januari 1998

Kwako Mama,

Salamu za mwaka mpya. Tulifika salama. Mguu wako unaendeleaje?

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikasuka mpaka kiondo kikaisha, nikaisoma tena. Nilingoja hasira. Haikuja. Labda iko njiani, barabara bado ni mbaya. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo, na pengine makonge nisingetuma hata ya kwanza.

Mimi pia kuna jambo sijasema, na lilinifanya niogope kukuletea mtoto mwaka wote. Sijamwambia. Siku ya mazishi alikuwa amelala mgongoni mwa shangazi yake. Akiniuliza mama ako wapi namwambia ameenda Mitaboni kwako, kwa susu yake, atarudi. Mara ya kwanza nilisema tu ili alale. Sasa ni mwaka mzima nasema. Siku ile ya mbuzi alitembea boma yenu yote akichungulia milango, wazee wakasema mtoto huyu ni mchangamfu. Alikuwa anamtafuta. Alipoingia jikoni akakuangalia, alikuwa anaangalia kama wewe ndiye mamake. Njiani kurudi hakuniuliza kitu chochote, na hajaniuliza tena mpaka leo.

Nimeanza vizuri barua hii na sasa siwezi kuona mstari, Mama, karatasi imelowa na nje hakuna mvua.

Jumamosi nitamleta. Nitabaki barabarani, sitaingia bomani. Mshike mkono umpeleke kwa mamake, nyuma ya nyumba pale, umwambie kwa Kikamba, polepole. Mimi sitaweza. Kisha mkae naye. Akae hata mwezi mzima. Akimaliza kulia, au wewe ukimaliza, nitakuja kumchukua.

Mtoto wako,
Wathome