Nani Atamfungulia Mama Yake Mbebataa?

4 Machi

Mjukuu wangu, mume wangu wa utotoni,

Marahaba, maana najua umeniamkia hata kabla hujafungua bahasha. Hujambo? Kifua kimeacha kukoroma? Unakula, au unashinda na chai mbele ya kompyuta? Mimi mzima. Goti linanisema vibaya nikipanda ngazi, nami nalisema vibaya zaidi, tunakwenda hivyo hivyo.

Anayeniandikia ni jirani yetu, fundi cherehani. Nimemwambia asipunguze neno. Tusi likija, aliandike kwa urefu wake. Yeye kazoea kukata.

Sasa nisikilize. Ulisema kampuni yenu imetoa gemu jipya la Mbebataa. Moyo ukanidunda. Nikaoga, nikavaa gauni la kutokea, nikaenda kwa fundi, tukalipakua hilo gemu kwenye simu yake. Nikakutana na nini? Pipi! Pipi nyekundu, pipi za kijani, unazipanga tatu tatu, zinapasuka. Na pembeni kasimama Mbebataa mwenyewe, anapiga makofi.

Anapiga makofi! Mtoto aliyemwacha mama yake nyuma ya mlango wa chuma, taa imezimika, maji yanapanda! Tulimwacha pale, mimi na wewe, mwisho wa sehemu ya pili, na wewe sauti yako ilikuwa bado haijavunjika. Kioo kikaandika SAFARI ITAENDELEA. Ukalia. Nikakwambia nyamaza, watu wazima hawawezi kuahidi mbele ya watoto halafu wakakaa kimya. Leo una ndevu, na mimi ndiye nimeonekana mwongo.

Kwanza walimtia kwenye magari ya mashindano. Nikasema haya, labda anawahi mlangoni. Wakamfanya mpishi. Wakamchora kwenye karata. Sasa pipi. Mama anameza maji ya gharika, binti anapasua pipi. Hivi hao wakubwa zenu wana mama, au walianguliwa? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ndiyo maana nikigusa pipi mbili tangazo linanirukia usoni.

Mimi bado nacheza ile ya pili, kwenye televisheni yetu ile ile, kwa ile rimoti uliyoizungushia kitambaa vidole vyangu visiteleze. Nafika mlangoni, naambiwa itaendelea, nazima, naanza upya. Maneno ya kwenye kioo hayanisumbui tena, hata kama hupo kunisomea.

Siku ya kuondoka ulinishika mkono ukasema, "Bibi, nakwenda kuufungua ule mlango." Ungetaja kazi nyingine yoyote ningekuzuia. Basi niambie bila kuzunguka: mnaufungua lini?

Bibi yako


19 Machi

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua kimetulia, na nakula, usimsikilize mtu. Goti lako lipeleke zahanati, matusi hayalitibu. Msalimie fundi, mwambie nimeona hakukata hata neno.

Barua yako nimeisoma kazini, katika kile chumba changu kisicho na dirisha, kuta zote sponji. Bibi, umenichoma, kwa sababu mlio wa pipi kupasuka ni mimi. Nilitafuna karoti mbele ya kipaza sauti asubuhi nzima mpaka taya likauma. Kabla ya hapo nilifanya honi za magari, na mafuta ya kukaangia. Sijawahi kuombwa mlio wa mlango.

Sehemu ya tatu haijafa. Katika ukumbi kuna kabati limefungwa kwa kufuli, na wote tunajua ndani mna michoro yake. Meneja anasema pipi zikifanya vizuri, mwakani tutaongea. Wachezaji wanatutukana kila siku mtandaoni kama wewe, ila hawana ufundi wako.

Na hapo ndipo nina ombi. Wanataka sauti ya bibi kizee wa kumkaripia mchezaji akishindwa. Wameleta waigizaji watatu, wote wanakaripia kama wanaomba radhi. Nikakumbuka nilipougua mwaka ule wa kwanza, nimelala sakafuni nataka kurudi nyumbani, ukanitumia sauti kwa simu ya fundi. Bado ninayo. Siku nikichoka naisikiliza. Ungekubali kunirekodia maneno machache ya namna hiyo, Bibi, ungenisaidia sana hapa kazini.

Mjukuu wako


2 Aprili

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mzima. Goti bovu. Fundi anakusalimu.

Sikubali.

Fundi ananiuliza kama niongeze lolote, eti barua itakuwa fupi. Haya, niongeze. Nimelea watoto sita na wajukuu wasiohesabika kwa sauti hii. Imefukuza wezi, imeamsha wagonjwa, imemtoa babu yako kwenye deni la kamari. Sasa ikamkaripie mtu mzima kwa sababu pipi yake ya njano haikukaa karibu na mwenziwe? Huyo simkaripii. Huyo namhurumia, na huruma yangu pia simpi.

Waambie hivi: siku mtakayoutengeneza ule mlango, niiteni. Nitawapa sauti bure, ya mama aliye ndani. Nitapiga kelele mpaka sponji zenu zibanduke. Kwa pipi, waende wakamrekodi mbuzi.

Na wewe acha kutafuna karoti za watu. Meno ni yako.

Bibi yako


30 Julai

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumai goti limepata nafuu. Nisamehe kwa kimya hiki kirefu, kazi zilitubana.

Nimekutumia blanketi, la sufu. Gemu la pipi limetoka upya, lakini usijisumbue kulipakua, Bibi, halifai kabisa, wala fundi asijisumbue. Haraka haraka.

Mjukuu wako


11 Agosti

Wewe,

Marahaba, kwa kuwa adabu haigomi. Mzima nilikuwa mpaka jana.

Jana nilikuwa kwenye benchi la zahanati kwa ajili ya goti. Pembeni yangu bwana wa makamo, suti, viatu vinang'aa, anapasua pipi. Akashindwa. Mara nikasikia mtu ananiita kwa sauti yangu mwenyewe kutoka kiganjani mwake: "Inuka, gunia wee! Nani kakwambia sakafu ina dawa? Nawa uso, anza tena!"

Benchi zima likacheka. Nesi akacheka na sindano mkononi. Yule bwana akaniinamia, "Mama, hiki kibibi kinanimaliza. Nashindwa makusudi nikisikie."

Nikamwambia, "Hicho kibibi ni mimi."

"Haya, sema basi tusikie."

"Inuka, gunia wee. Mkeo anajua uko kazini."

Akainuka kweli, mjukuu wangu. Alikaribia kuacha viatu. Lakini sikucheka. Nilimnyang'anya ile simu kwanza, nikashindwa makusudi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, nasubiri mwisho. Mwisho haukuja. "Anza tena," kisha kimya, kisha pipi. Siku ile sikuishia hapo. Siku ile nilikwambia, "Mimi niko hapa." Hilo neno limekwenda wapi? Wamelitupa kama ncha ya uzi?

Yale hayakuwa matusi. Ulikuwa umelala chini, nchi ya watu, kifua kinakoroma, unasema huwezi. Nilikuwa mbali, sina mkono wa kukufikishia, nikakutumia mdomo. Nikakukaripia kwa sababu ningekubembeleza ungelala moja kwa moja. Na wewe dawa niliyokunywesha umekwenda kuitapika kwenye sahani ya wageni wacheke.

Nilikukatalia kwa mdomo, ukaniibia mdomo wenyewe. Wale walimwibia Mbebataa mama yake, nikasema ni watu wasio na haya. Sasa na wewe umewajulia kazi yao. Hongera.

Blanketi nimelipokea. Linawasha.

Bibi yako, aliye hai, asiyeuzwa


25 Agosti

Bibi,

Shikamoo. Sijui niulizeje hali, lakini nauliza: hujambo? Goti walisemaje?

Sitajitetea sana. Meneja alipita mlangoni nikiwa nakusikiliza kwa spika. Akasimama. Akasema, "Hii hii." Nikamwambia si yangu kuitoa. Akasema ni sekunde chache tu, ikate. Nikaikata, Bibi. Kwa mikono hii. Hakuna aliyenishika.

Lile la mwisho, "Mimi niko hapa," hawakulitupa wao. Nililitoa mimi kabla hawajalisikia. Hilo nilishindwa kuwapa.

Sasa limezuka jingine. Gemu limependwa kwa ajili yako. Watu wanakuandika kwenye fulana. Mwanasheria wa kampuni ameuliza bibi huyu ni nani na ridhaa yake iko wapi. Karatasi niliyoiambatisha inataka kidole chako. Usipokiweka, sauti itatolewa na mimi nitafukuzwa. Meneja ameniahidi kwamba ukiweka, sehemu ya tatu itajadiliwa. Ameniahidi mbele ya watu.

Najua sina uso wa kukuomba. Naomba.

Mjukuu wako


9 Septemba

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mzima. Goti wamelichoma sindano.

Leo fundi haandiki. Naandika mimi. Usicheke herufi. Nimezipata kwa Mbebataa, moja moja, baada ya wewe kwenda. MLANGO. TAA. FUNGUA. RUDI. Nyingine nimeunga mwenyewe, kama fundi na vipande vyake. Barua hii imenichukua siku nyingi.

Karatasi yao nimeisoma. Pale chini wameandika: kidole cha asiyejua kuandika. Pale nimeandika SITAKI. Ni kubwa. Imetoka nje ya mstari.

Itaendelea. Itajadiliwa. Ni uongo mmoja, umebadili shati.

Wapelekee wewe. Usitume mtu. Ukiogopa, ogopa huku unatembea.

Pipi ni takataka. Gari takataka. Kampuni takataka. Wewe si takataka. Unanuka tu kwa kukaa nao. Utaoga.

Mlango wetu una komeo moja. Silifungi.

Inuka, gunia wee. Nawa uso. Mimi niko hapa.

Bibi yako


20 Septemba

Bibi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua hakikoromi. Nimekucheka herufi, kidogo tu, pale kwenye "takataka" ya tatu ambapo wino ulikuishia ukaendelea kukandamiza. Kisha nikanawa uso.

Karatasi niliipeleka kwa mkono. Meneja aliitazama ile SITAKI, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maelezo zaidi. Akaniuliza, "Ndiyo nini hii?" Nikamwambia, "Ndiyo jibu lake. Na langu." Nilitembea huku naogopa, kama ulivyosema. Inawezekana.

Sauti yako wameshaitoa. Wameweka ya mwigizaji, anawakaripia watu kama anaomba radhi. Wachezaji wamewaka moto. Waache waungue.

Na lile kabati, Bibi. Walilifungua mbele yangu ili waweke vipaza sauti nilivyowarudishia. Nilisogea nichungulie kama mtoto. Hamna michoro. Mna katoni za pipi za matangazo, zimeyeyuka zikashikana, na juu yake gari la plastiki la Mbebataa, gurudumu moja halipo. Miaka yote hiyo nilikuwa napita pale naligusa kufuli lake kwa heshima.

Kwa hiyo mlango tutaufungua sisi, kwenye kochi letu. Wewe utasema mama alikuwa akifanya nini mle ndani, mimi nitatoa milio. Ya maji ninayo. Ya chuma pia ninayo, nimeipata jana: niliurekodi mlango wa ofisi yao nilipokuwa natoka. Unalia vizuri sana.

Mwambie fundi asiniandikie. Na wewe usinijibu, Bibi. Barua yako itagonga hapa na hakutakuwa na mtu.

Mume wako wa utotoni