Kiatu Juu ya Dawati

Kaka yangu,

Mimi mzima, ila mgongo. Tangu mafuriko yale najitolea hapa shuleni: tunaosha vitu vinavyotolewa kwenye tope na kuvipanga juu ya madawati, wenyewe waje kuvitambua. Fundi bomba anayetusimamia anasema nasugua sufuria kama nina ugomvi nazo.

Uliuliza kuhusu baba. Bado hajaonekana.

Juzi wanaofukua mtaa wetu walileta kiatu kimoja, soli imeshonwa kwa uzi mwekundu. Unajua ni nani asiyekubali kumpa fundi viatu vyake, huvishona mwenyewe. Nimekiosha, nimekipanga, na kila asubuhi naandika upya kikaratasi chake: mwenyewe hajajitokeza.

Njoo ukitambue wewe, kaka. Mimi nikikitambua, sitakuwa na wa kumngoja.

Mdogo wako