Kwako Wewe wa Wikioni

Jirani yangu mpenzi,

Sijui barua humfikiaje mtu aliyeko huko uliko. Nitaiandika, kisha niisome kwa sauti hapa hapa dirishani. Apitaye chini akidhani nimepandwa na mashetani, na adhani. Nataka kukujibu lile swali lako.

Wakumbuka nilivyokuja? Nilikuwa msichana niliyefiwa na mama, nikaletwa kukaa na mamako, Bi Zena, nimsaidie kazi na yeye anifundishe kushona kofia. Nyumba yenu ilikuwa na giza hata mchana. Mwanga wa kushonea ulipatikana wikioni tu, kile chumba chembamba kinachovuka juu ya kichochoro kuiunga nyumba yenu na ile nyumba tupu ya ng'ambo. Mlango wa kuingilia huko ng'ambo ulikuwa umepigiliwa mbao.

"Usiuguse mlango huo, mwanangu," mamako aliniambia. "Mle muna jini. Mimi nimemsikia kwa masikio haya."

Kuhusu wewe, Athmani, mwanawe wa pekee, alisema machache. Mtaa mzima ulisema umetoroka: huyu alisema umefuata kazi ya reli bara, yule alisema umepanda meli Kilindini. Bi Zena hakukubali usomewe hitima, kwa kuwa hitima husomewa maiti. Aliweka nadhiri asinywe kahawa mpaka urudi, maana ndiyo mliyokuwa mkinywa pamoja kila alasiri.

Nawe ukatokea alasiri moja, umeegemea dirisha, na mimi nikadhani ni kijana wa jirani.

"Kofia hiyo wamshonea nani? Kubwa kama sufuria!"

"Namshonea asiyejua kupiga hodi," nikakujibu.

Ulicheka sana. Kisha ukaniuliza taratibu, "Bi Zena kesha kunwa kahawa?" Nikakwambia hanywi, na uso wako ukasawijika. Tangu siku ile ukawa waja kila alasiri, waondoka kabla ya adhana ya Magharibi, na swali ni lile lile.

Nilikupenda, Athmani. Sina haja ya kulizungusha. Hukuniambia jina lako, nami nilikuita jirani, nikipenda unavyonitania vishimo vyangu vya sindano vilivyokwenda upogo. Nikaazimia kukushonea kofia ya kwako. Nikakata uzi nikupime kichwa, ukakataa, nami kwa ukaidi wangu nikauzungusha. Uzi ukapita kwenye paji la uso wako kama unavyopita hewani, ukaniangukia mapajani.

Sikupiga kelele. Nilikasirika kwanza, hofu ikaja baadaye. Nimekupenda mtu mzima mzima, kumbe hata uzi haukushiki!

Ndipo uliponieleza. Maji ya kisima chenu yalikuwa yameingia chumvi na mamako alilalamika kuwa kahawa haina ladha. Ukachukua ndoo yake ya shaba, ukavuka wikio bila kumwambia, uende kumtekea maji matamu katika kisima cha nyumba ile tupu. Ukingo ukavunjika, ukaanguka nao.

"Nalimwita mama," ulisema. "Nalimwita sana."

Sauti ilipanda kutoka kisimani, ikapita vyumba vitupu, ikamfikia imebadilika. Nyumba ile ilikuwa na sifa ya majini tangu zamani. Mamako akafanya ambalo kila mama wa mtaa wetu angalifanya: akafukiza ubani, akasoma Ayatul Kursi, akamwita seremala apigilie mlango. Jioni ndipo alipoanza kukutafuta, kila mahali ila mle.

Ukaniomba mambo mawili. "Mwambie niliko, nizikwe. Lakini usimwambie kuwa naliita. Itamuua."

Nilikawia kidogo. Nilijua ukizikwa hutakuja tena, nami nilikuwa nazitaka alasiri nyengine. Lakini kila nikimuona mamako akishtuka kwa kila hodi, nilishindwa kula. Nikamwambia nimekuota u kisimani. Kwetu ndoto haidharauliwi. Mlango ukabomolewa, wanaume wakashuka, wakapandisha mifupa yako na ndoo. Ukavishwa sanda, ukasaliwa, ukazikwa, na hitima ikasomwa. Kesho yake nilikaa wikioni mpaka adhana. Hukuja, na nililia mpaka uzi sikuuona.

Bi Zena hakunywa kahawa hata hivyo. Mwana amerudi, nadhiri imekwisha, naye kikombe akakisukuma. Uchungu wa mwana aujua mzazi, nikajiambia, nikanyamaza. Tumeishi hivyo miaka. Mji umebadilika, wakubwa wa serikali sasa wanasukumwa kwa toroli juu ya reli mpaka Kilindini, na sisi wawili tu humu ndani, kila mmoja na sindano yake.

Siku hizi hawezi kuinuka. Leo alasiri aliniita kitandani.

"Siku ile walipoitoa ndoo yangu, nalijua," akasema. "Lile halikuwa jini. Alikuwa mwanangu yuwaniita, nami nikamfungia mlango."

Nikaketi chini. "Mbona hukusema, bi?"

"Nalikuhurumia wewe. Nalidhani hujui." Akanishika mkono. "Na ndoto haikuwa ndoto. Nalikuwa nikikusikia wikioni ukicheka. Nambie kweli, mwanangu. Alikuwa na hasira nami?"

Kumbe miaka yote hii nilikuwa namficha, naye ananificha! Ulinikataza kumwambia kuwa uliita, na hilo amelijua mwenyewe. Haya mengine hukunikataza.

"Hakuwa na hasira hata chembe," nikamwambia. "Kila alipokuja aliuliza neno moja tu: mama kesha kunwa kahawa?"

Akajifunika uso kwa leso. Nilimwacha alie. Alipomaliza alijipangusa, akatazama upande wa wikio.

"Basi teleka," akasema.

Nikateleka, nikatia tangawizi kama mlivyokuwa mkiipenda. Nikampakata, akakishika kikombe mwenyewe kwa mikono yake miwili. Alipiga funda, akaungua ulimi, akanilaumu kuwa nimeifanya ya moto mno.

Amekunywa, Athmani. Amekimaliza, akaomba chengine.

Usiulize tena. Pumzika.

Ni mimi jirani yako, niliyekushonea kofia kwa kukisia.