Kuku Ndani ya Wimbo

Bibi yangu kipenzi,

Shangazi akusomee hii taratibu. Ule wimbo wako wa kubembelezea watoto nimeutilia gita na ngoma za kompyuta, na watu wanaupenda kweli. Pale ulipokatiza kumfukuza kuku nilipokuwa nakurekodi, fundi mitambo alitaka kupafuta. Nikamwambia, thubutu! Sasa ukumbi mzima unaitikia nami: “Shii! Toka jikoni!”

Shangazi anasema siku hizi humtambui hata yeye. Lakini wimbo ukipigwa redioni, pakifika pale, wewe unamfukuza kuku bila kukosea.

Nakuja Jumamosi. Usihangaike kunikumbuka, Bibi. Mimi nitaimba tu, na zamu yako ikifika, wewe mfukuze kuku.

Mjukuu wako,
Chiriku