Salamu kwa Ami Thabit

Maskati, 1969

Mwanangu Mahbuba,

Tangu ulipokwenda Kairo kusoma nimekuficha kazi yangu. Wewe wadhani nashinda barazani kwa ami yako Thabit nikinywa kahawa yake, na kila barua wanigombeza: "Baba, usimchoshe ami, yeye ndiye anayenisomesha." Nami hucheka mpaka nikakohoa.

Bi Nasriya, jirani yetu, anakusalimu. Mbuzi wake ameitafuna kofia uliyonishonea, na bado naivaa.

Tulipofika hapa kutoka Unguja, hakuna aliyemtaka mwalimu wa jiografia. Kisha, wewe ulipokwisha kwenda Kairo, ikanyesha mvua kubwa, maji yakashuka kutoka milimani, kuta za mji wa Matrah zikamomonyoka. Sokoni nikasikia mafundi wanatafutwa. Nikasema, "Mimi fundi." Mzee Amur, msimamizi, akanigeuza viganja, akaviona laini.

"Fundi wa nini, shekhe? Wa chaki?"

"Chaki na chokaa ni ndugu," nikamjibu.

Akacheka, akanipa ndoo. Toka siku hiyo napaka kuta chokaa, na kila mafuriko yakibomoa, mimi napata kazi.

Vumbi la chokaa ndilo lililoniharibu kifua. Daktari hanifichi kuwa siku zangu si nyingi. Ungejua mapema ungeacha masomo uje kuniuguza. Sasa umefaulu, nna raha ya kukwambia.

Ami Thabit alifariki ulipokuwa bado njiani kwenda Kairo. Shukrani zako zote kwake nimezipokea mimi.

Baba yako akupendaye,
Aflah