Kituo Juu ya Nyumba Yetu

Jumatatu, 12 Nehase 2017, kalenda ya Kihabeshi

Mvua tangu alfajiri. Jukwaa lote maji. Nimesukuma maji mpaka mabega yamekufa ganzi.

Saa nne Henok, mkuu wa kituo chetu cha treni, akaniita. Nikajua nimekosea kitu. Kumbe! Mwezi ujao kituo kinatimiza miaka kumi, wanataka kutundika ubao kwenye ukumbi wa tiketi: historia ya kituo na mchoro wake. Yeye kaletwa hapa mwaka jana tu, hajui lolote. Akaniuliza: eti nasikia Mama Yeshi umezaliwa mitaa hii?

Nikamwambia si mitaa hii — hapa hapa. Nguzo ya saba imesimama jikoni kwa mama yangu.

Akacheka. Aliponitazama usoni akaacha.

Nimefika nyumbani saa moja kasoro, kwa mabasi mawili. Injera ya jana na mchuzi baridi wa shiro. Tangu Henok sijasema na mtu.

Jumatano, 14 Nehase

Leo nimemwelezea Henok kituo, yeye akiandika. Reli mbili katikati, juu ya barabara. Majukwaa mawili pembeni: moja la waendao mashariki, moja la waendao magharibi. Huko juu hakuna daraja la kuvuka. Ukikosea upande, shuka mpaka chini, pita kati ya nguzo, panda tena. Watu wanatukana sana pale! Mimi nasafisha mashariki, Tsige anasafisha magharibi. Miaka tisa tunapungiana mikono kama watu wa nchi mbili.

"Hayo ninayaona," akasema. "Nipe ya chini."

Ya chini basi. Nguzo ya tatu — mashine ya kusaga ya Ato Gebreyes. Ndiyo iliyoupa mtaa jina, na kituo kikalirithi: Wofcho, yaani kinu. Jina lipo, mashine hakuna. Wanawake walikuwa wakitoka mle na unga mpaka kwenye kope. Nguzo ya tano, kisima. Kati ya tano na sita, ua wa chama chetu cha kuzikana: hema, mabenchi, masufuria makubwa ya msibani. Saba, sisi.

"Sisi nani?"

Mama, mimi na mdogo wangu.

"Mdogo wako yuko wapi siku hizi?"

Nikasema ndoo imejaa. Nikaondoka. Ndoo haikuwa hata na maji.

Alhamisi, 15 Nehase

Viatu havikauki. Jirani wa mlango wa pili kafiwa. Nimejua kwa viatu vingi pale koridoni. Miaka kumi na mitatu kwenye ghorofa hii na jina lake silijui. Wofcho tungekuwa tumeshatandika hema kabla maiti hajapoa.

Nilisimama mlangoni kwao kidogo. Sikubisha hodi.

Jumamosi, 17 Nehase

Henok kaja na mchoro wa zamani, uso umemshuka. Mchoro unaonyesha nguzo tu. Chini ya nguzo — pamepakwa rangi ya majani, pameandikwa "uwanja". Uwanja! Mashine ilikuwa inanguruma toka alfajiri, leo ni uwanja!

Akasema si kwamba hakuniamini. Lakini ubao hauwezi kwenda na neno la mtu mmoja. Nimtafutie mtu wa pili wa Wofcho, aangalie, atie saini. Mpaka Jumamosi ijayo.

Nani? Ato Gebreyes tumemzika. Wengine wametawanywa kwenye maghorofa pembe nne za mji, simu zao hazipatikani.

Nikashuka kwa Debritu, anayeuza shayiri ya kukaanga pale chini ya ngazi. Yeye alikuja na kituo, si wa Wofcho, ila anamjua kila apitaye. Nikamwuliza. Akanitazama kama nimerukwa na akili.

"Si mdogo wako Etagegn! Unamtafuta nani tena?"

Nikashika chuma cha ngazi.

Akaendelea, wala hakuona. Kumbe Etagegn amepanga chumba nyuma ya kanisa. Jumanne na Ijumaa anapanda treni kwenda kliniki kunyooshwa magoti. Tangu Pasaka! "Nilidhani unajua. Mnafanana mpaka mnavyokunja uso mkionja shayiri yangu."

Anapanda upande wa magharibi, sawa, kwenye mashuka meupe yote yale nisingemtambua. Lakini kurudi? Treni ya kurudi inashushia kwangu. Mbona sijamwona hata siku moja?

Debritu akaanza kuchotachota shayiri yake.

"Anarudi kwa basi, dada. Basi linamshusha mbali, anatembea na mkongojo. Nilimwuliza kwa nini. Akasema ngazi za mashariki zina mtu."

Jumapili, 18 Nehase

Nimekaanga buni, nimetwanga, nimechemsha. Vikombe vitatu vya desturi, vyote vitatu nimevinywa mwenyewe. Kahawa ya peke yako haina hata harufu.

Niandike basi. Hakuna asomaye.

Nilikuwa na miaka sita alipozaliwa. Nilimlilia sana mama anipe mtu wa kucheza naye. Ndiyo maana akamwita Etagegn — nimepata dada. Lilikuwa jina lake lakini zawadi ilikuwa yangu.

Alikwenda Beirut kufanya kazi za ndani. Mama akafa yeye akiwa huko. Nyumba ikawa yetu wawili. Zilipokuja habari za reli alinipigia: usitie saini ya kuhamia ghorofa mpaka nije, miezi mitatu tu, nataka kulala mle usiku mmoja, nimuage mama yangu mle ndani. Nikasema sawa.

Kuomba muda kuliwezekana. Majirani waliomba, wakapewa. Mimi sikuomba. Nilitia saini wiki ile ile.

Nimewaambia watu kwamba sikuelewa karatasi. Kwamba simu yangu ilikuwa mbovu. Uongo! Nilitaka bomba ndani ya nyumba. Nilitaka choo changu peke yangu. Nilichoka kupanga foleni na ndoo. Basi. Na kila alipopiga simu nilimwambia — nyumba ipo, dada, nyumba ipo.

Akaja. Akashuka kwenye teksi na sanduku lake, akakuta shimo la nguzo. Nasikia alimwuliza fundi mmoja: samahani, kwetu ni wapi?

Mimi sikuwepo. Nilihadithiwa.

Jumanne, 20 Nehase

Nimemwona.

Saa mbili na nusu, ng'ambo ya reli, kwenye benchi la mwisho. Amejifunika shuka jeupe, mkongojo, bahasha ya kliniki. Nywele nyeupe! Mdogo wangu! Nilikuwa na fagio mkononi. Nikaita jina lake. Nikaita tena kwa nguvu, watu wakageuka, mwanafunzi mmoja akatoa vitu masikioni.

Akainua kichwa. Alinitazama hivi — mimi, koti langu la kazi, fagio. Halafu akasema, wala hakupaza sauti, ila kituo chote kilikuwa kimenyamaza:

"Umepafagia vizuri kwetu?"

Treni yake ikaingia. Sikukimbilia ngazi. Ningefika wapi?

Nimemaliza zamu. Sijui nimefagia nini.

Jumatano, 21 Nehase

Nimemwomba Tsige tubadilishane upande siku ya Ijumaa. Kacheka: miaka tisa hujauliza, leo umeota uchafu wa huku? Lakini kakubali.

Nimechora mtaa nyuma ya karatasi ya kalenda. Nguzo, na vitu vilivyokuwa chini ya nguzo. 

Ijumaa, 23 Nehase

Nilifika kwenye benchi lake kabla yake. Alipoliona koti langu akasita pale juu ya ngazi. Nikajua atarudi chini. Lakini kwa magoti yale kurudi ni adhabu, na treni ilikuwa bado. Akaja akakaa. Nafasi ya mtu mmoja kati yetu.

 Nikaweka karatasi kwenye ile nafasi, nikasema Henok anataka nini.

Jicho lake likashuka kwenye karatasi.

"Kisima hakikuwa hapo."

Kilikuwa hapo.

"Wewe ulikuwa unateka maji? Mimi ndiye niliyekuwa nateka! Kilikuwa huku, mlangoni kwa Gebreyes, unga ukiingia tunamtukana." Akaninyang'anya kalamu. Akakihamisha kisima. Akageuza mlango wa ua wa chama. Akafika nguzo ya saba, akaitazama nyumba yetu nilivyoichora — chumba, jiko, kitanda cha mama, changu.

Akachora mstatili mdogo chini ya dirisha.

"Na hapa nilikuwa nalala mimi. Umesahau kuniweka."

Ikanitoka yote. Si kwa mpango. Nikamwambia: nilielewa kila neno la ile karatasi. Simu haikuwa mbovu. Nilitaka bomba, Etagegn. Nilitaka bomba la maji ndani.

"Bomba!" Akageuka kunitazama kwa mara ya kwanza kwa karibu. "Na maji yanatoka?"

Mara mbili kwa wiki.

Akacheka. Kicheko kibaya, cha kukwaruza, mpaka akashika mbavu. Halafu hakikuwa kicheko tena. Nilinyoosha mkono, akausukuma. Treni ikaingia. Akajiinua kwa mkongojo, akakunja ile karatasi, akaitia kwenye bahasha yake. Hajatia saini! Nikasema Henok anaitaka kesho.  Akapanda.

Akiwa mlangoni, mgongo kwangu:

"Lifti ya upande wako inafanya kazi?"

Haifanyi.

"Ngazi ngapi?"

Arobaini na sita.

"Pa kushikilia?"

Papo. Nitapafuta. Mlango ukajifunga, sijui kama alisikia.

Hiyo ilikuwa saa tatu. Kliniki wanamaliza saa tano. Nimemrudishia Tsige upande wake, nimekuja kwangu. Nimefuta chuma cha kushikilia toka juu mpaka chini, nikarudia. Mvua imeanza, nimefuta tena. Henok kapita, kauliza karatasi. Nimemwambia iko njiani.

Sasa saa sita kasoro robo. Naandika nimesimama, daftari juu ya mpini wa fagio. Treni tatu zimeshushia hapa. Wanafunzi, mwanajeshi, mama na mapacha. Kule mbali barabarani basi la kutoka kliniki limesimama sasa hivi, Debritu chini ya ngazi anaangalia wanaoshuka kisha anatazama huku juu. Sitaki aniambie. Ya nne inakata kona, taa zinawaka mchana kutokana na mvua. Imejaa, watu wamebanana mlangoni, siwezi kuona kama kati yao kuna mkongojo. Naweka daftari.